Sahani ya Mama Mkwe

Mwatumu wa Kigombe ukimpa fungu la kisamvu, nazi moja na dagaa wa kujaa kiganja, atalisha watu watano na wote watajilamba. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta mwaka wa saba huu, najua ninachosema. Hatupi kitu. Kunde anazilowesha tangu jioni zisimalize kuni, mahindi anasagisha dona, dagaa anawatwanga mpaka wawe unga ili watoto wasipate cha kuchagua. Na ndimu hakosi kukamulia mboga, nesi alimwambia inasaidia damu.

Lakini kitinda mimba wake, Shahd, alikuwa haongezeki. Kila mwezi kliniki mstari wa kadi unashuka, mpaka ukatoka kwenye kijani. Nesi akamfokea kama vile anamnyima mtoto makusudi. Amzidishie dagaa na tui, la sivyo mwezi ujao watamlaza. Mwatumu alirudi analia njia nzima. Apunguze wapi, aongeze wapi?

Maana palikuwa na sahani. Mama mkwe wake, Bi Tausi, anakaa nyumba ya tatu, na magoti hayamruhusu tena kuinama jikoni. Sahani yake hupakuliwa kabla ya zote, tui zito na dagaa wengi, ikafunikwa kawa, na Uweso, mume wa Mwatumu, huibeba mwenyewe kila adhuhuri. Mtaa mzima tulimsifu. Mimi hata wanangu wa kiume niliwapigia mfano wa Uweso. Najuta mdomo wangu.

Siku moja Uweso alikwenda kushona nyavu akachelewa, chakula kinapoa. Mwatumu akaibeba sahani mwenyewe. Mkekani akamkuta Khalifa, kaka mkubwa wa Uweso, yule mwenye duka la mabati barabarani, ameshanawa mikono anasubiri. Pembeni Bi Tausi ana kikombe cha chai ya rangi na kipande cha mkate. Mwatumu akatoa shikamoo, akabaki amesimama na sahani yake.

“Karibu shemeji,” Khalifa akasema, wala hana wasiwasi. “Mnatulisha vizuri. Uweso aliniambia nisione haya, kwenu kila siku chakula kinabaki.”

Kinabaki! Bi Tausi akainamia chai yake. Mwatumu akaweka sahani, akaaga kwa adabu, akaja kukaa kizingitini kwangu. Aliponieleza nilitaka nikamkunje Khalifa shati, akanizuia. Kaka mtu hakujua, alisema. Aliyejua ni yule anayelala naye kitanda kimoja, anayeziona mbavu za mtoto, na kila mchana akachukua chakula cha mtoto akampelekea mtu mzima mwenye duka. Hicho ndicho kilichomkata maini, akalia upya.

Jioni akamuuliza. Uweso hakubisha. Kaka yake alianza kula pale tangu mkewe alipokwenda Unguja kuuguza, na Bi Tausi akasihi Mwatumu asiambiwe.

“Sikutaka kaka aone kwangu kuna shida,” akasema.

Basi. Yeye afiche aibu yake, mtoto ashinde njaa.

Kesho yake Mwatumu alimpelekea Bi Tausi uji wake mapema, akasimama hapohapo mpaka bibi amemaliza. Adhuhuri akaandaa sahani, akafunika kawa, Uweso akabeba akidhani yamekwisha. Mimi nilijifanya nina shughuli na kamba ya nguo nyuma ya ua wa Bi Tausi. Mnisamehe, nisingeweza kukaa ndani. Khalifa akafunua kawa. Chini yake kulikuwa na kadi ya kliniki ya Shahd, peke yake. Akaisoma mwezi kwa mwezi, halafu akamwinulia mdogo wake uso.

“Hiki ndicho kinachobaki kwenu?”

Uweso alirudi na sahani, macho chini. Mwatumu alikuwa anamlisha Shahd, hata hakugeuka.

“Kadi irudishe mahali pake,” akamwambia. “Jumatatu tunapima.”

Uweso akaenda jikoni kutafuta chakula chake, akafunua sufuria. Hakikuwa kimebaki kitu.