Jogoo Aliyechomwa Sindano Asubuhi

Keti, nikueleze habari ya jogoo mmoja. Si ngumu. Mimi mwenyewe niliielewa nikiwa nimesimama mlangoni pa jiko langu, mtaani Bwiza, nikimtazama mama mkwe akinoa kisu.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Kwetu mzazi hunyweshwa supu ya kuku mpaka rangi imrudie usoni, na kuku huyo huletwa na mama yake. Mama mkwe alimfuga wa kwake nyumbani kwake, mtaa wa Ngagara, tangu mimba ilipoanza kuonekana. Akamleta kwa teksi akiwa amefungwa miguu, yaani jogoo.

"Juzi alianza kukohoa," akaniambia. "Nikaogopa atatufia. Leo asubuhi nimemupiga shindano ya penisilini. Sasa ni muzima kabisa."

Hapo inabidi uwaelewe watu wetu. Kuku akifa mwenyewe ni nyamafu, haliwi. Kwa hiyo akianza kuzubaa, watu hukimbilia dawa kwanza, kisha kisu, ili afe akiwa mzima. Hakuna anayeona kasoro. Kuku ametibiwa vizuri na amechinjwa kwa jina la Mungu.

Kasoro ilikuwa imelala chumbani. Mke wangu hapatani na penisilini. Aliwahi kuchomwa utotoni, akavimba, pumzi ikakaribia kukatika.

Kumkosoa mama mkwe si kazi ya mkwe. Nikachuchumaa kando ya jogoo, nikaanzia mbali.

"Mama, ile dawa iko wapi sasa?"

"Chupa nimeitupa."

"Ile iliyoingia kwa jogoo."

Akamtazama jogoo. "Imemuponya, imeenda."

"Bado haijaenda, Mama. Imo kwenye nyama, imo kwenye maini. Mwili wake unaitoa polepole."

"Nitachemusha sana."

"Moto unaua vijidudu. Dawa si kijidudu. Moto utaipunguza, hautaimaliza. Itakayobaki ataikuta kwenye supu."

Akaendelea kunoa. "We mukwe, umesomea kuku?"

"Apana, Mama. Nimeoa mutoto wako."

Sauti ikatoka chumbani, ya mtu anayenyonyesha na asiyetaka kumwamsha mtoto. "Mama, unakumbuka koo langu lilivyofungana?"

Kisu kikanyamaza.

"Nilikubeba mugongoni mpaka kwa muganga," alisema mama mkwe, kama anayemwambia jogoo. "Nilifika bila viatu." Akakizungushia kisu kitambaa, akachukua kikapu, akaenda sokoni kutafuta kuku mwingine.

Alirudi amenuna. Alikuwa amemwambia muuzaji kwamba anataka kuku asiye na dawa, na muuzaji akahisi ametukanwa. "Mama, kuku zangu haziuguwi," alimjibu. "Zinakunywa dawa kila siku ya Mungu." Wa pili, kwa kumshinda wa kwanza, aliapa kwamba zake zinakunywa za aina mbili.

Kikapuni mlikuwa na ndagala, wale dagaa wa ziwani. "Hizi zimetoka ku lac," alisema. "Sijui nani angezipiga shindano."

Mke wangu akanywa supu ya ndagala. Mama yake alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama midomo, kijiko baada ya kijiko. Midomo ilibaki vilevile. Mzazi akaomba bakuli la pili, na mama mkwe akaenda kulijaza bila kuniangalia.

Jogoo alibaki jikoni kwetu. Daktari wa mifugo alitueleza siku za kungoja mpaka dawa imtoke mwilini, na jogoo akazitumia zote kuwika, akimwamsha mtoto kila alipopata usingizi. Mama mkwe naye alihamia kwetu kumlinda, asije mtu akamhurumia kwa sindano nyingine.

Basi nawe ukinunua kuku, usiishie kuuliza kama ni mzima. Uliza alipewa dawa gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kisha usimchinje mpaka siku za kungoja zilizoandikwa kwenye kasha la dawa hiyo, au atakazokutajia daktari wa mifugo, ziishe.