Jani la Isale Mjini Bangkok

Juzi nilikuwa jikoni kwangu hapa Majengo, Moshi mjini, nachemsha chai ya mchaichai. Mchaichai wenyewe ulitoka shambani kwa Baba, bado una udongo kwenye mizizi. Maji yalipoanza kutokota harufu ikapanda, na najua wengi wenu harufu ile ingewakumbusha kikombe cha asubuhi na mkate. Mimi ilinikumbusha samaki. Niliona bakuli la supu nyekundu yenye pilipili, meza ya bati kando ya barabara, na mzee mmoja aliyeketi mbele ya Baba yangu akijigusa shavu kwa kidole. Miaka yote hiyo nililikumbuka bakuli, nikamsahau mzee na kidole chake. Nikazima jiko, chai nikaiacha hapo hapo.

Baba alikuwa kiongozi wa watalii mlimani. Tulikaa Marangu, kwenye kihamba alichoachiwa na babu yetu, migomba juu na kahawa chini yake. Akirudi kutoka mlimani tulimjua kabla hajafika mlangoni, kwa harufu ya mafuta ya taa na soksi zilizoloa, na kwa utani wake. Kwanza alimuuliza ng'ombe habari za siku sita alizokuwa hayupo, kisha ndipo akamkumbuka Mama.

Safari moja alirudi kimya. Alikuwa amempandisha mzee kutoka Thailand, Bwana Wichai, mwenye mgahawa katika jiji la Bangkok. Mama alimwekea mtori, na Baba, ambaye mtori huula ukiwa unaunguza midomo, aliuacha mpaka ukaganda. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko namkatia ng'ombe mgomba, na ukuta wa jiko letu ulikuwa wa mbao zilizoachana. Nilisikia kila kitu.

"Nimempiga mzee," Baba alisema. "Mzee wa umri wa baba yangu, Mama Aika. Nimempiga kofi."

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, wamefika pale Gilman, karibu na kilele. Hewa ya juu ilikuwa imemlevya mzee. Alikaa kwenye theluji akasema anataka kulala, hashuki wala hapandi, na akaanza kuvua glavu. Baba alimbembeleza, akamvuta, mzee akamsukuma. Baba alijua kwamba akimwacha asinzie pale, atashusha maiti. Mkono wa kulia ulikuwa umemkamata koti, basi akampiga kwa wa kushoto. Mzee akashtuka, akasimama, wakashuka. Getini gari lilimchukua moja kwa moja hadi hospitali, na siku chache baadaye akasafiri kwao. Hawakuagana.

"Na kwa mkono wa kushoto," Baba alirudia. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma zaidi.

Mwaka ulikaribia kwisha Baba akiwa hivyo hivyo, nusu ya mtu. Ndipo ikaja barua. Bwana Wichai alikuwa anamwalika pamoja na mkewe wakatembee Bangkok wiki nzima, wale na kuona jiji, tiketi zimeshakatwa. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa. "Nikae angani mimi, ng'ombe azalie mikononi mwa nani?" Kwa hiyo nikaenda mimi, wa darasa la tano, kwa sababu ya ndama.

Asubuhi ya kuondoka Mama alikwenda mpakani mwa kihamba akakata jani la isale. Kwetu, mtu akimkosea mwenzake, hulifunga jani hilo fundo na kumpelekea kwa mikono miwili, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe. Nilishaliona likimaliza ugomvi wa majirani zetu wawili ambao hawakusalimiana tangu kabla sijazaliwa. Mama alilifunga fundo, akalizungushia kitambaa kibichi, akalipenyeza kwenye sanduku chini ya mashati. "Usirudi nalo," alimwambia Baba. Baba akaitikia kwa kichwa.

Bwana Wichai alitupokea mwenyewe uwanja wa ndege. Alikuwa mfupi, ana kofia ya kitambaa, na uso wake ulikuwa unacheka hata akiwa kimya. Nilimwinamia nikasema shikamoo, maana sikujua namna nyingine ya kumsalimia mzee. Naye akaunganisha viganja vyake kifuani, akainama, akajibu, "Pole pole!" Ndicho Kiswahili pekee alichokuwa amekumbuka kutoka mlimani. Tangu saa ile nikamwita Babu Wichai.

Sijui nianze na lipi katika siku zile. Tulipewa chumba juu ya mgahawa wake, na harufu za chini zilipanda kwa ngazi kabla hatujaamka: vitunguu saumu, mkaa, mchaichai. Mchaichai ndio ulionishangaza. Nilidhani ni mali ya chai peke yake, kumbe huko wanautia kwenye supu ya samaki pamoja na ndimu na pilipili, nami nikala huku nalia machozi, nikaomba nyingine. Tulipanda bajaji zao zilizopambwa kama za harusi. Tulivua viatu tukaingia kuona sanamu ya dhahabu ya mtu aliyelala, ndefu kuliko kanisa letu. Tulipokuwa tunavuka barabara, Babu Wichai alinishika mkono na kusema pole pole, kwa sauti aliyoiokota kwa Baba kule juu, nami nikamwona Baba akitazama pembeni.

Baba alikula kila alichopewa, kwa sababu alikuwa mgeni. Alikula panzi wa kukaanga baada ya kufumba macho kitambo, na sina shaka aliomba. Mimi nilikataa kata kata. Wali wao ulishikana vidoleni, nikamnong'oneza Baba kwamba wa kwetu wa Mabogini unachambuka vizuri zaidi, akanikanyaga mguu. Lakini pembezoni mwa barabara palikuwa na mama anachoma ndizi juu ya mkaa, na hapo Baba alisimama muda mrefu, akala tatu. "Hawa," alisema, "ndizi wanazijua." Lilikuwa neno lake la kwanza la furaha tangu tutoke nyumbani.

Kitu kimoja kilinitatiza. Kila nilipogeuka niliona masale. Yamepandwa kwenye vyungu, yametulia, mlangoni pa benki, kwenye maduka, kwenye saluni, hata chini ya ngazi za mgahawa wa Babu Wichai. Sisi masale tunayajua mpakani, makaburini na kwenye ugomvi. Nilimwambia Baba kwamba watu wa jiji hili lazima wanakosana sana, ikiwa kila nyumba inaweka akiba ya kuombea msamaha mlangoni. Baba alicheka kidogo. Akasema kwao ni pambo tu.

Siku ya tatu tulipanda mashua, tukakatiza mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Upepo ulikuwa mzuri. Babu Wichai alikuwa anamenya chungwa, na kwa Kiingereza chake cha maneno machache, ambacho hata mimi nilikifuata, akasema kwamba ile siku ya juu kabisa hakumbuki kitu. Anakumbuka kambi ya Kibo walikolala, kisha anakumbuka kitanda cha hospitali Moshi. Katikati ni tupu. Anajua tu kwamba kuna mtu alimshusha, na mtu huyo ni Baba. Akampa Baba nusu ya chungwa.

Mimi nilifurahi nusura niruke mtoni. Mambo yamekwisha! Lakini Baba alikaa ameshika chungwa lake bila kulila, na tulipofika chumbani akafungua sanduku, akalitazama isale.

"Kesho nitampa," akasema.

"Lakini Baba, hakumbuki."

"Mimi nakumbuka."

Nikalala na hofu, na sitaki kuipamba. Sikumhofia Baba, niliihofia supu. Nilikuwa na hakika kwamba mzee akisikia alipigwa kofi atatufukuza, na zilikuwa zimebaki siku nne, na nilikuwa nimeahidiwa wali mtamu wenye maembe. Asubuhi Baba alipoingia kuoga nilifungua sanduku, nikalichukua isale, nikashuka ngazi. Sikuwa na roho ya kulitupa jalalani. Nikalichomeka kwenye kile chungu chini ya ngazi, katikati ya wenzake.

Baba alipindua sanduku. Alikung'uta mashati, akatazama chini ya kitanda, akakaa na sanduku tupu magotini. Mimi nilikuwa natazama dirishani kwa bidii zote. Kisha akainuka taratibu, akashuka ngazi, nami nyuma yake. Chini ya ngazi akasimama mbele ya chungu. Alikuwa anakwenda kuchuma jani jingine, nami nilikuwa sijawaza kabisa kwamba angeweza. Akapekua majani moja moja akitafuta lililo zuri, na mkono wake ukafika kwenye jani lenye fundo.

Akalipapasa fundo kwa kidole gumba. Hakugeuka kunitazama.

"Kumbe limetangulia," akasema, akalichomoa.

Babu Wichai alikuwa amekaa kwenye meza ya bati nje, bakuli la supu likifuka mvuke mbele yake. Baba alipiga goti moja, akalinyoosha isale kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza cha mlimani kwamba kwao hili ni jani la kuomba msamaha, kwamba kule juu alimpiga kofi ili asilale, na kwamba mzee hapigwi kofi. Maneno yakamwishia. Akabaki ameinamisha kichwa, ameshika jani.

Babu Wichai alimtazama. Akainua kidole, akajigusa shavu la kulia, akatabasamu. "Hapaumi," akasema. Kisha akalipokea isale kwa mikono miwili, akaagiza glasi ya maji, akalisimamisha ndani yake, na akamsogezea Baba bakuli lake mwenyewe la supu. Hakuna aliyefukuzwa. Wali wenye maembe niliula mara mbili.

Nyumbani tulimkuta ndama. Mama aliuliza swali moja tu: "Amelipokea?"

"Amelipokea," Baba alijibu. "Lakini hajui alichopokea."

Jibu hilo lilikaa nyumbani kwetu miaka na miaka. Watu wakija kuuliza habari za Bangkok, Baba aliwaacha nisimulie mimi za panzi na bajaji, na mwisho wake alisema hilo hilo, polepole. Amesamehewa kitu ambacho msamehevu hakukiona. Ilikuwa kwake kama hajasamehewa. Wiki iliyopita binti wa Babu Wichai alituandikia kwamba mzee amefariki usingizini, na Baba aliposikia alisema, "Basi. Sasa sina hata wa kurudia kumwambia."

Kwa hiyo jana, kwa ajili ya ile chai niliyoiacha jikoni, nilipanda Marangu. Baba siku hizi magoti yamemkatalia mlima. Nilimkuta amekaa kibarazani, Mama anapakua mtori ndani.

"Baba," nilisema, "siku ile ulimwambia ulimpiga shavu lipi?"

"Sikusema shavu. Nilisema kofi. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimekwisha."

"Ulimwonyesha kwa mkono?"

"Mikono yote ilikuwa na isale."

"Alijigusa la kulia, Baba. Mtu yeyote ukimwambia umempiga kofi atashika shavu la kushoto, maana watu hupiga kwa mkono wa kulia. Wewe peke yako ulipiga kwa kushoto."

Baba aliinua mkono wake wa kushoto, wenye vidole vilivyopinda kwa baridi ya miaka mingi, akautazama pande zote mbili. Nilimwona akirudi kule, kwenye mashua, kwenye chungwa.

"Basi alikuwa anajua," akasema. "Alijua tangu kule mtoni."

Alijua, na akasema hakumbuki ili mgeni wake aweze kula. Na Baba alipokataa kujificha nyuma ya neno hilo, mzee akapokea isale kama mtu anayejua sawasawa anachopokea. Nilikuwa pale, nimekaa kati yao, nimeona kila kitu kwa macho yangu, na kilichonishughulisha ni maembe. Ningekuwa nimeelewa mapema, Baba angepumzika miaka ishirini kabla ya jana. Hilo linaniuma na nimelisema.

"Na lile jani, Baba," nilisema. "Halikutangulia lenyewe. Ni mimi."

"Aika," Baba akasema, "umewahi kuona isale likiota na fundo?"

Akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nikiwa darasa la nne, mpaka Mama akatoka na bakuli kuona kuna nini. Baba akampokea bakuli, machozi bado mashavuni, akaula mtori wote ukiwa unaunguza.