Mkono Juu ya Redio

Nilipokuwa mtoto kule Kamenu, redio yetu ilikuwa na kiti chake, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kila Jumamosi Mama aliyaanika mawe yake, yaani betri, juu ya mabati, ili jua liyape nguvu ya kufikisha ibada ya Jumapili. Maombi ya wagonjwa yalipofika, mhubiri aliwataka wasikilizaji waweke mkono juu ya redio. Mama aliweka wake, nasi tukarundika yetu juu yake.

Jumapili moja Baba alikuwa amelazwa, mguu umevunjwa na mashine kiwandani. Mhubiri alianza kuomba, sauti ikafifia, ikakatika. Mama hakuondoa mkono.

"Mama, mawe yameisha," dada yangu alisema akicheka. "Unaombea mbao?"

"Mawe ndiyo yameisha, maitu," Mama akamjibu kwa neno la Kikuyu la kumwita binti "mama". "Maombi bado."

Akaendelea mwenyewe kwa Kikuyu hadi amina. Baba alirudi nyumbani kwa magongo, tukamshukuru Mungu.

Redio ile ilishaenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka huu binti yetu anayeishi Ruiru alipelekwa kufanyiwa upasuaji wa kujifungua. Asubuhi hiyo alinipigia simu ya video, midomo imemkauka.

"Baba, wananiita sasa hivi. Niombee."

Nikafumba macho, nikaomba. Nilipoyafumbua, simu ilikuwa nyeusi.

"Imezima kitambo, mzee," mke wangu alisema akicheka. "Ulikuwa unaombea kioo."

Mtoto wetu alikuwa ameingia kwa daktari bila kusikia amina. Nikailaza simu mezani, nikaweka mkono juu yake, nikaendelea. Mke wangu akaacha kucheka, akaweka wake juu ya wangu.

Adhuhuri tulipata habari: msichana, na mama yake mzima. Jioni binti mwenyewe akapiga, sauti nyembamba.

"Baba, ulikatika ukisema 'Bwana, mshike.'"

"Pole, mwanangu. Amina haikukufikia."

"Niliimalizia. Niliweka mkono juu ya simu kama cucu, mama yako, alivyotufundisha, mpaka nesi akaniambia, 'Mama, hiyo simu haiingii ndani.' Nikamwambia angoje kidogo, bado amina."

Nilimpa mke wangu simu. Alimsikiliza binti yake, nami nikabaki nikikitazama kiti kile cha zamani cha redio, ambacho siku hizi tunakikalia.