Mstari wa Buluu

Gundi ya kitabu kipya ina harufu yake, na harufu hiyo hunirudisha utotoni kila inaponipata. Juzi binti yangu anayeishi Amerika alimtumia mpwa wake, mjukuu wangu Apiyo, kitabu cha picha. Nilikifungua kabla ya mwenyewe, maana bibi ana haki zake, nikakinusa vizuri. Ndipo nikaziona: alama za kuuliza zilizopinduliwa, kichwa chini miguu juu, mwanzoni mwa sentensi za mstari wa chini, ule usio wa Kiingereza. Nikatafuta kiti. Ndoana zile nilikuwa nimeziona mara moja tu maishani, nikiwa darasa la tatu kule Uriri, miaka michache baada ya uhuru, tumebanana kwenye deski moja mimi na Robi.

Robi alikuja muhula ukiwa katikati. Baba yake alikuwa mchanja ng'ombe wa serikali, akahamishwa kutoka upande wa Kehancha, akaja na binti huyo peke yake. Mama alibaki na wadogo na shamba. Robi hakujua Kijaluo, sisi hatukujua Kikuria, na Kiswahili chetu sote kilikuwa cha sokoni, cha kuulizia bei ya ndizi. Basi akanyamaza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu siku zilizidi kwenda na hatukujua tumpe nini.

Tulimwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Jina hilo halikuwa na ubaya, niaminini. Kwetu mwanamke huitwa kwa alikotoka, na ni heshima kubwa. Mama yangu alizaliwa Sori, ziwani, na kijiji kizima kilimwita Nyar Sori. Baba akitaka kuongezwa ugali alilitamka jina hilo kwa sauti laini ajabu. Tulijiona tunampa mgeni heshima ya watu wazima.

Mimi nilimpenda Robi tangu mwanzo, sijui kwa nini. Alikuwa akimenya njugu zake taratibu, akazigawa mafungu mawili juu ya deski, akanisukumia la kwangu bila kunitazama. Siku moja baba yake akaja na baiskeli, akasimama dirishani kuongea na Mwalimu Yunia, mwalimu wetu. Nilisikia kila neno. Mtoto hasemi, alisema baba kwa Kiswahili chepesi, na chakula kinamshinda. Muhula ukiisha atamrudisha kwa mama yake. Jioni nilikataa kula, na nyumbani wakaninywesha dawa ya minyoo.

Wiki hiyohiyo sista mmoja wa misheni alituletea sanduku la vitabu vikuukuu kutoka ng'ambo. Mimi na Robi tukapewa kimoja kisicho na jalada. Kilikuwa na wasichana wawili marafiki na paka wao, na kila ukurasa ulikuwa na sura kubwa: sura ya furaha, ya hasira, ya hofu. Chini ya picha kulikuwa na mistari miwili. Wa juu ulikuwa mweusi, na huo ulikuwa Kiingereza, tulichokuwa tukikisoma kwa jasho. Wa chini ulikuwa wa buluu, umejaa zile ndoana, na hakuna aliyeweza kuusoma.

Darasa zima likakusanyika kulitatua jambo hilo. Kitabu pekee cha lugha mbili tulichokijua kilikuwa cha nyimbo za kanisani, Kiingereza juu na Kijaluo chini, kila mtu aimbe kwa lugha yake. Kwa hiyo lugha ya chini ilikuwa lazima iwe ya mtu aliyemo humu ndani. Kijaluo sicho. Kiswahili sicho. Tukageuka sote tukamtazama Robi. Ilikuwa wazi kama mchana kwamba kile ni Kikuria, na kwamba Wakuria huuliza maswali kwa ndoana.

Robi akatutazama, akautazama mstari. Kisha akaweka kidole juu yake na kwa mara ya kwanza tukaisikia sauti yake ikisema zaidi ya maneno mawili. Alisoma kwa Kikuria, polepole, bila kukwama. Tulipendezwa sana. Tuliokuwa tukigugumia kwenye mstari wa juu tulimwonea wivu.

Tangu siku hiyo kila mapumziko tulijifungia na kitabu. Mimi nilisoma mweusi, yeye buluu. Tukafika kwenye ukurasa wa msichana aliyesimama dirishani akilia. Mstari wangu ulikuwa mfupi: paka hayupo. Robi akaanza wake, na haukuisha. Alisoma na kusoma, kidole kimefika mwisho lakini sauti inaendelea, mpaka ikakatika. Nilishangaa jinsi Kikuria kilivyo na maneno mengi.

"Inasema nini?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

Alirudisha kidole mwanzo wa mstari. "Inasema huyu msichana analia kwa sababu mama yake iko mbali. Na hapa hakuna mtu anaita jina yake."

"Jina yake nani?"

"Robi."

Nikaiangalia ile picha. Msichana alikuwa na nywele za rangi ya mahindi na hakufanana na Robi hata kidogo, lakini mimi ni nani nibishane na maandishi? Siku zile kilichopigwa chapa kilikuwa kweli, kikitanguliwa na Biblia tu. Niliinuka nikawatangazia wote uwanjani kwamba tumekosea, asiitwe tena Nyar Kuria, ni Robi, kitabu kimesema. Hakuna aliyebisha. Mwalimu Yunia alikuwa mlangoni, na alisikia. Kipindi kilichofuata alimwita Robi ubaoni kwa jina, na Robi akajibu.

Muhula ulipoisha baba yake alikuja na baiskeli kumchukua. Akamkuta katikati ya kamba, watoto wakilipiga kelele jina lake wakihesabu anavyoruka. Alisimama palepale, mguu mmoja juu ya pedali, akatazama mchezo mpaka ukaisha. Robi alimaliza darasa la saba na sisi.

Mama yake Apiyo ndiye aliyeniambia juzi kwamba lugha ile ya ndoana ni Kihispania. Nilicheka, kisha machozi yakanijia. Nikachukua simu nikampigia Robi, ambaye sasa ni bibi mwenzangu huko Kehancha.

"Nyar Uriri," akaitika. Heshima hiyo alikuja kuipenda, akanirudishia.

"Robi, ule mstari wa buluu. Ulikuwa unausoma kweli?"

Alicheka mpaka akakohoa.

"Ningejulia wapi, Akinyi? Lakini wewe uliniuliza inasema nini. Hapo shuleni hakuna mtu mwingine alikuwa ameniuliza kitu."

Miaka yote hiyo nilidhani nilikuwa namsikiliza akisoma kitabu. Nilikuwa nikimsikiliza yeye. Nilimwita Apiyo aje na kitabu chake, nikaweka kidole kwenye mstari wa chini, nikamwomba aniambie unasema nini.