Mfuko wa Baba Chini ya Mkeka

Tena wasiniambie eti sina adabu. Adabu ndiyo ilitaka kumuua baba yangu, na mpaka leo kuna wajomba hapa kijijini Kolonga, huku visiwani kwetu, wamenuna kwa sababu nilipiga kelele msibani.

Baba anaitwa Penisimani. Analima viazi vikuu, na kanisani anaimba besi mpaka benchi linatetemeka. Mwaka jana tezi dume ilimbana, mkojo ukagoma kabisa. Hospitali wakamwekea mpira wa mkojo na mfuko wa kufunga mguuni. Nesi Meliame akamwambia, "Baba, mfuko ukae chini ya kiuno saa zote. Ukipanda juu, mkojo unarudi ndani." Baba akaitikia ndiyo, ndiyo, kama anavyomwitikia mchungaji.

Jumapili ikafika. Kanisani kwetu huingii bila kujifunga mkeka kiunoni juu ya nguo, ndiyo vazi letu la heshima, na baba hakutaka mfuko uonekane mguuni mbele ya dada yake, shangazi Sela. Kwetu kaka na dada hawatajiani mambo ya mwilini. Hata chupi ya kaka haianikwi dada anapopita. Basi baba akaupandisha mfuko tumboni, akaufunika na mkeka, akaenda kuimba. Ikawa hivyo kila ibada, kila kikao cha kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Sisi tunamsifia mzee kapendeza.

Halafu mume wa shangazi akafariki. Siku ya mazishi baba kavaa mkeka wa msiba, ule mkubwa uliochakaa, kakaa tangu asubuhi. Nikamwona anatetemeka.

"Baba, vipi?"

"Baridi."

"Baridi gani, watu wote wanajipepea?"

Nikafunua mkeka. Mfuko umejaa, uko juu ya kitovu. Hasira zikanipanda. "Baba! Mkojo wote unakurudia!"

Turubai zima likasikia. Shangazi akageuza uso. Mjomba mmoja akanirukia, "Nyamaza, mbwa wewe! Shangazi yako yuko hapa!"

"Na akifa? Mtamzika na hiyo adabu yenu?"

Tukampakia kwenye pikapu, anachemka kama jiko.

Hospitali, Meliame akautoa ule mpira, akanionyesha ndani. Utelezi mtupu, kama ule wa ndani ya tangi la mvua.

"Bakteria hawa hawakai ovyo," akasema. "Wanatoa nyuzi za protini, zinaitwa amiloidi, wanajifunga nazo wao kwa wao na kwenye mpira. Hiyo ndiyo nyumba yao. Dawa inaua wa nje, wa ndani wanacheka."

"Si mkwangue na brashi?"

"Nikwangue kibofu cha mtu na brashi, we mwendawazimu? Mpira unatupwa, anawekewa mpya, na dawa anameza mpaka ziishe."

Akaniambia nyuzi za aina hiyo hukutwa hata kwenye ubongo wa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Nikashtuka. "Kwa hiyo baba atanisahau?"

"Sijasema hivyo. Kama za bakteria zinahusika, wataalamu bado wanachunguza. Wewe pambana na mfuko."

Homa ikashuka, tukarudi nyumbani. Mzee bado mbishi. "Hapa nitauweka chini. Kanisani, hapana."

"Basi utakufa umependeza!"

Nikaenda kwa shangazi Sela. Kwetu neno la dada, kaka halipingi. Shida ni kwamba hilo neno hawezi kulitamka.

"Shangazi, samahani, kuhusu ule mfuko..."

"Usimalize. Masikio ninayo, nilisikia msibani." Akashusha sauti. "Unafika wapi?"

Nikamwonyesha kwenye shavu la mguu. Akachukua ukindu, akasuka kikapu chembamba chenye kamba mbili za kufunga mguuni.

"Mpelekee. Mwambie dada yake amesuka, na Jumapili anataka kukiona."

Baba alikigeuza geuza. Jumapili akakivaa, mfuko ndani, chini kabisa. Kwenye kava siku hizi anakaa kwenye kiti ili mfuko ubaki chini, wenzake wakiwa sakafuni wanamtania, "Tazama chifu mpya!" Anawatukana kidogo, anakunywa. Homa haijarudi.

Sasa wewe unayesoma, kama nyumbani kuna mzee mwenye mpira wa mkojo, acha kusoma. Nenda kamwangalie. Mfuko ukiwa juu, ushushe. Akiona aibu, mgombeze. Akitetemeka, mpeleke hospitali leo hii, hata kama kuna msiba.