Mbwa Aliyejua Kabla ya Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja ya masika, mahindi ya Maposeni yameanza kubeba, tulikuwa uani watu watano. Alikuwepo Mzee Alois, baba mkwe wangu, mwenye mji. Alikuwepo mkewe, mama Kristina, aliyenizalia mume. Alikuwepo mume wangu Benedikti, na shangazi yake Eufrasia, dada wa Mzee Alois, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Hanga, hata mzigo wake hajautua vizuri. Wa tano mimi, mkamwana wa mwaka wa kwanza, nimepiga magoti kando ya ungo. Na mbwa wetu, Kazimoto, amefungwa kamba kwenye mguu wa kihenge cha mahindi, na Mzee Alois ameshika rungu.

Mwanangu, usimhukumu baba mkwe wangu upesi. Kazimoto alikuwa mbwa wa shamba. Kazi yake ilikuwa kulala na Benedikti kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, kuwafukuza nguruwe wa porini wasimalize mahindi. Lakini tangu mwezi uliopita alikuwa amegoma. Benedikti akimwita, anamsindikiza mpaka njiani, anageuka, anarudi kwangu. Nikienda kisimani, yupo. Nikienda chooni, anakaa nje kama askari wa boma. Nikijilaza mchana, na usingizi wa mchana siku hizo ulikuwa umenishika kama homa, anaweka kichwa chake miguuni pangu. Benedikti alinitania kwamba nimemhonga mbwa wake kwa ukoko wa ugali. Nguruwe walipoingia shambani na kulaza upande mzima wa bondeni, utani ukaisha.

Asubuhi ile nikaunguza maharage. Mama Kristina aliingia jikoni kwa kasi, akinigombeza huku amenyoosha mkono, na Kazimoto akasimama kati yetu akaonyesha meno. Hakuuma. Ila mama alirudi nyuma akaangukia kuni, akatoka nje akisema mbwa ameingia kichaa. Na neno hilo kwetu halikuwa la mchezo. Kijana wa jirani alikuwa amekufa kwa kuumwa na mbwa wa kichaa, na watu walimsikia alivyokufa. Ndiyo maana nasema usimhukumu mzee wa watu.

Mimi nilijua nina mimba, na nilihisi mbwa naye anajua. Lakini kwetu mkamwana hafungui kinywa mbele ya wakwe kusema jambo hilo. Unamwambia shangazi wa mume, yeye ndiye anayelipeleka kwa wakubwa. Shangazi alikuwa Hanga, nami nilikuwa namngoja, hata Benedikti sijamwambia. Sasa shangazi yupo, lakini na wanaume wapo, na rungu lipo. Nikabaki nimeinama kwenye ungo, napepeta. Kazimoto alikuwa ananitazama mimi, si rungu.

Shangazi Eufrasia aliomba kwanza aletewe maji. Tukadhani ana kiu ya safari. Akaliweka bakuli mbele ya mbwa, mbwa akanywa mpaka akalamba bakuli, na mbwa wa kichaa maji humshinda. Akauliza kama anakula, anakula. Kama anakimbia ovyo na kuuma miti, hapana. Amemwonyesha nani meno? Mama Kristina peke yake. Na mama alikuwa anamfanya nini mkamwana? Shangazi akanigeukia.

“Hebu simama, mwanangu.”

Nikasimama. Akalishika pindo la khanga yangu, akafungua fundo, vikadondoka vipande vya udongo wa kichuguu nilivyokuwa natafuna kwa siri. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

“Kristina, unakaa naye jiko moja, umeshindwa na mbwa?”

“Wifi, mimi nilidhani ni uvivu,” mama akasema.

Kisha kicheko kikamwisha shangazi. Akaniuliza nilikuwa namngoja nani. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa namngoja yeye, kama desturi.

“Na ningekufa huko Hanga, je? Mficha uchi hazai, mwanangu. Adabu yako ilikuwa inamuua anayekulinda.”

Benedikti alishika kichwa kwa mikono miwili, nusu anacheka nusu analia. Mzee Alois aliegemeza rungu ukutani, akafungua kamba mwenyewe, akasema nguruwe atawafukuza yeye.

Nilipojifungua Rozalia, shangazi alichukua kitambaa alichofungiwa mtoto, akampa Kazimoto anuse nje, kabla hajamwona mtoto mwenyewe. Baadaye mbwa alilala kizingitini. Lakini shangazi alitukataza kabisa kumwacha mtoto na mbwa peke yao, hata kwa dakika ya kugeuza chungu. Mbwa ni mbwa, alisema, na mtoto hajui kuvuta mkia ni kosa.

Nayaandika haya kwa sababu mjukuu wangu Anitha, aliyeolewa hapa mjini Msamala, ana mimba, na mbwa wao amemngurumia mumewe mlangoni. Mume anataka kumtoa mbwa huyo kwa dereva wa lori la Tunduru, aondoke naye. Nimemwambia mkwe wangu angoje. Hasira hasara.

Basi mwanangu, wewe Anitha na kila mwenye mimba anayesoma, mbwa si nabii. Ana pua, ana macho, na hana kazi nyingine ila kukusoma. Mwili wako ukibadilika harufu, mwendo na saa za kulala, yeye anaona. Mmoja atakuganda, mwingine atakukimbia ajifiche uvunguni. Wa jirani yangu mama Skola alianza kukojoa ndani. Usimpige kwa hilo. Mumeo amlishe kwa mkono wake na kutembea naye, ajue nyumba bado ni ya wote. Mzoesheni mapema mahali atakapolala mtoto akija. Akionyesha meno, msipime kwa bakuli la maji kama shangazi. Mwiteni daktari wa mifugo, na chanjo ya kichaa isikose. Na wewe mwenyewe, usiwaachie wengine wakisie. Desturi ya kungoja ni nzuri, lakini kiumbe kikiwa chini ya rungu, sema.

Mungu akupe mimba tulivu na uzazi mwepesi. Akupe shangazi wa kukuuliza, na mume anayeweza kuweka rungu chini.

Kama yupo mtu wa Maposeni anayesoma, akaona nimechanganya jina au msimu, anirekebishe, sitachukia. Kichwa hiki kimebeba wengi. Labda ilikuwa vuli. Labda si maharage, ni kunde. Lakini asije mtu kuniambia Kazimoto aliuawa siku ile. Alikufa kwa uzee, Rozalia amekwisha kuota meno ya pili, na ndiye aliyemlilia kuliko wote.