Kompyuta ya Rehema

Kila nilipofungua kabati kutafuta kitambaa, niliuona ule mkoba wa jinzi. Niliushona mwenyewe, maana kazi yangu ni cherehani, kwa ajili ya kompyuta mpakato ya mwanangu Rehema. Alifariki kabla chuo cha ualimu hakijafunguliwa. Kompyuta haikuwahi kuwashwa. Alisema ataiwasha siku atakayoketi darasani. Mwaka ulipotimia nikaona basi, kitu cha kusomea hakikai na nguo. Zuhura, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja sekondari, alikuwa amepata nafasi chuo kilekile, na kwao hawakuwa na uwezo wa kumnunulia. Nikafunga duka, nikashika njia ya Kinjumbi, kijijini kwao.

Kutoka Lindi tuliondoka kwa basi kukiwa bado na kiza. Utingo alitaka kuuweka mkoba kwenye buti, nikamkatalia. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, nami sikumlaumu. Tulipita Mchinga, tukapita mikorosho iliyoanza kutoa maua, na Nangurukuru abiria wakashuka kutafuta chai. Mimi nilibaki nimeupakata mkoba. Nilikuwa na ile furaha ya mtu anayekwenda kutenda jema na anajua atashukuriwa.

Kinjumbi nilipokewa na Zuhura mwenyewe. "Shikamoo, baba." Nilipoitikia marahaba alikuwa ameshauona mkoba, akajifunika uso kwa ushungi. Baba yake, Mzee Bakari, alinikaribisha ugali wa muhogo na samaki. Tulipomaliza kula niliuweka mkoba mbele yake, nikamweleza. Hakunyoosha mkono.

"Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini hii ni mali ya marehemu. Mama yake ameridhia?"

Mama yake, Somoe, tuliachana naye mtoto akiwa mdogo. Anaishi Pande, na tangu arobaini tulikuwa hatujasemezana.

"Niliinunua mimi," nikasema.

"Ukampa. Ukishampa si yako tena. Sasa ni mirathi, na mama ni mrithi kama wewe."

"Basi ngoja nimpigie."

"Jambo la mtoto wenu ukalimalize kwa simu? Nenda kamwone. Akikataa, Zuhura ataandika kwa mkono."

Zuhura aliinamisha kichwa. Nilikasirika, nasema kweli, na nilikasirika zaidi kwa kuwa haki ilikuwa upande wake.

Kesho yake nilirudi kusini, nikashuka njia panda na kupanda bodaboda mpaka Pande. Somoe alikuwa uani akipepeta ufuta.

"Karibu, Baba Rehema," alisema bila kusimamisha ungo.

Nilimweleza yote, nikamwambia nimekuja kuomba ridhaa yake.

"Ulikuwa umeshaipeleka?"

"Nilikuwa nimeshaipeleka."

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

Akaweka ungo chini. Alinawa mikono, akajifuta kwa kanga, akafungua mkoba. Kioo cha kompyuta kilikuwa bado na nailoni yake ya dukani.

"Alikuja nayo hapa kunionyesha," akasema. "Akanikataza nisiiguse hii nailoni. Aliniambia, 'Mama, utaichubua.'"

Sikujua kama Rehema aliwahi kuileta Pande. Somoe alilia kimya kimya, nami nikalia, mimi ambaye sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu maziko. Kisha akaibandua ile nailoni polepole kuanzia pembeni, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Hii naibakiza. Hiyo kompyuta mpelekee Zuhura, mimi nimeridhia. Akiiwasha, unipigie."

Niliporudi Kinjumbi, Mzee Bakari alisoma Fatiha ndipo akaupokea mkoba kwa mikono miwili na kumkabidhi binti yake. Zuhura aliketi mkekani, akachomeka waya wa umeme, akabonyeza, kioo kikawaka. Akasoma kidogo, akanitazama.

"Baba, inauliza jina la mwenye nayo. Niandike nani?"

Jina la mwanangu lilikuwa mdomoni. Nililimeza, nikampigia Somoe na kumweleza. 

"Wewe unasemaje?" akauliza.

"Nilitaka tuandike Rehema."

"Hata mimi. Lakini atakayesoma ni Zuhura. Mwambie aandike lake."

Zuhura akaandika jina lake, herufi moja moja, machozi yakimtiririka.

Njia nzima ya kurudi Lindi mapaja yangu yalikuwa matupu, na sikujua mikono niiweke wapi. Mwaka mzima niliubeba msiba ule kana kwamba ni wangu peke yangu, na kule Pande kulikuwa na mtu aliyeubeba vilevile. Nilipofika nyumbani nilimpigia kumwambia nimefika salama, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tulipoachana.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.